Matanga ya Mjomba Sawaeng

Thawin alikwenda msibani kwa ajili ya uji. Marehemu hakumjua, wala jina lake hakuliuliza, lakini katika mji wa Tha Makham mwenye shati jeusi hakosi bakuli, naye Thawin alilitunza shati lake jeusi kama mkulima anavyotunza jembe. Alikwishakula bakuli mbili za uji wa mchele na nyama ya nguruwe, na ya tatu ilikuwa mkononi, gari la polisi lilipoingia uani.

Moyo ukampiga paa. Hakuwa na kesi siku hiyo, ila mioyo ya watu kama Thawin hupiga kwa mazoea. Akatupa jicho nyuma ya banda. Pale chini ya turubai watu wasiopungua ishirini walikuwa wameuzunguka mkeka, wakiweka noti kwenye namba, na dadu tatu zikirukaruka chini ya bakuli. Na aliyeshuka garini hakuwa askari wa kubembelezwa. Alikuwa Inspekta Kamthon, aliyeletwa kutoka Bangkok kuja kuunyoosha mji. Alikwishafunga chumba cha karata kilichokuwa juu ya kinyozi, akafunga ulingo wa majogoo, akafunga dadu za kwenye banda la bata. Watu walisema hata vikongwe wa jikoni hekaluni, waliokuwa wakicheza karata kwa kuwekeana maharage, aliwatawanya, na maharage akayachukua kuwa ushahidi.

Thawin akaanza kutafuta ukuta wa kuruka. Kumbe wenzake hawakuwa na habari. Mmoja alifunika dadu kwa pembe ya mkeka, polepole, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Inspekta akavua kofia, akapiga magoti mbele ya jeneza, akawasha ubani, akainama. Alipokuwa akirudi garini akapita hatua chache tu kutoka kwenye ule mkeka, na hapo akainua uso juu, akaichunguza anga kama mtu mwenye nguo zake kambani. Akaondoka.

"Mbona hajamkamata mtu?" Thawin alimuuliza jirani yake, mzee mnene mwenye mkufu wa dhahabu shingoni. Huyo alikuwa Bwana Heng, mwenye duka la sonara.

"Amkamate nani? Hawa wanamliwaza marehemu," Bwana Heng alijibu. "Ulitaka aachwe peke yake? Hata sheria ina mama yake, ndugu yangu. Penye maiti inageuza shingo."

"Basi si mcheze kila siku?"

Bwana Heng akashusha pumzi iliyotoka mbali. "Mji huu watu wana afya mno. Huu ndio msiba wa kwanza tangu mwezi uliopita, na kesho wanamchoma hekaluni. Tukae tena mpaka lini? Mimi mikono inaniwasha usingizini. Mke wangu anasema nachanganya dadu kwenye mto."

Thawin akauweka uji chini. Watu waliomfahamu wangekwambia kwamba Thawin kuuacha uji si jambo dogo. Aliutazama ule mkufu wa Bwana Heng, akalitazama jeneza lenye maua na taa za rangi, kisha akakitazama tena kile kifua cha dhahabu. Matajiri wa mji mzima walikuwa na fedha na hawakuwa na maiti. Mtu mwenye huruma angewaachaje?

Kufa kwa kweli ni kazi ya Mungu na madaktari, nayo ina makaratasi mengi. Thawin akachagua njia fupi. Katika mji wa jirani palikuwa na mpiga picha aliyekuwa akifunga duka, akamuuzia picha kubwa ya mzee mmoja mwenye masikio mapana na uso wa upole, iliyokaa dirishani miaka na miaka mpaka hata mpiga picha mwenyewe akasahau ni nani. Thawin akampa jina: Mjomba Sawaeng. Akakodi jeneza, akatia magunia ya mchele ndani ili mjomba awe na uzito wa heshima, akakodi na nyumba ya zamani ya mbao yenye ua mpana, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Kilichobaki kilikuwa mjane.

Mjane alimpata kwa Bi Lamduan. Huyu mama alikuwa ameigiza jukwaani miaka arobaini, kwenye kundi la maigizo lililokuwa likizunguka mahekalu wakati wa sherehe, mpaka televisheni ilipowanyang'anya watazamaji. Sasa alikuwa akiuza ndizi za kukaanga. Alimsikiliza Thawin huku akigeuza ndizi zake.

"Vilio viko vya namna nyingi, mwanangu," alisema. "Kuna cha mke aliyependwa. Kuna cha mke aliyeteswa. Na kuna cha mke anayejua kuwa nyumba imeandikwa jina lake. Wewe unataka kipi?"

"Cha mke aliyependwa, mama."

"Aa, hicho kinakausha koo. Hicho ni theluthi."

"Theluthi ya nini?"

"Ya kila kitakachoingia. Kwani unadhani nimekuamini kuwa unaomboleza?"

Thawin akacheka, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Theluthi, mama. Naapa kwa kaburi la mjomba."

Bi Lamduan akamtazama. "Mjomba asiye na kaburi," alisema, lakini akaepua kikaango.

Siku ya kwanza walikuja wachache. Walisimuliwa kwamba Mjomba Sawaeng alikuwa mzaliwa wa hapa hapa, akahamia kusini akiwa kijana, akafia huko kwa maradhi mabaya hata daktari akakataza kabisa jeneza lisifunguliwe. Basi watu wakafukiza ubani wakiwa wamesimama mbali kidogo. Ndipo Bi Lamduan alipolia. Hakuanza kwa kelele. Alianza kwa kuinyoosha kola ya shati la yule mzee, kwenye picha, kwa kidole kimoja, kama alivyomnyooshea kila asubuhi. Kisha akaliangukia jeneza. Wanawake waliokuwa wakipita njiani wakaweka vikapu chini wakaingia kumshika. Kufika jioni ua ulikuwa umejaa, watawa wakaja wakasoma dua zao, na watawa walipoondoka mkeka ukatandikwa.

Siku ya pili watu wakaanza kumkumbuka marehemu.

"Alinibeba mgongoni wakati wa mafuriko," alisema Mama Anong, mwenye kiwanda cha barafu, akipangusa macho. "Nilikuwa mdogo, lakini masikio yale siwezi kuyasahau."

"Alikuwa mkarimu," alisema Bwana Heng. "Baba yangu alimtaja sana."

Thawin aliwasikiliza, nywele zikamsimama. Alipopata nafasi akachoma vijiti vitatu vya ubani mbele ya picha, akanong'ona, "Mzee wangu, yeyote uliye, nisamehe. Na kama kweli ulimbeba Mama Anong mgongoni, pole sana."

Dadu zenyewe zilikuwa za Thawin, na zilikuwa na nia zao. Ziliwaacha watu washinde kidogo, ili wapate cha kusimulia nyumbani, halafu zikawanyoa taratibu. Hakuna aliyelalamika. Kamari ni kama upele: mwenye nao anajikuna huku anacheka, akija kuona damu ni kesho. Bwana Heng alipoteza mpaka akaanza kuonekana kijana. "Nimelala usingizi wa pono," alimwambia Thawin. "Mjomba wako Mungu amlaze pema, ametuponya." Na Inspekta Kamthon alipofika alivua kofia, akainama mbele ya picha, kisha kama kawaida yake akapita akiiangalia anga, ambayo siku hiyo haikuwa na wingu hata moja.

Fedha zikawekwa wapi? Mahali ambapo mkono wa mtu usingefika. Chini ya maua, upande wa miguuni, Thawin alikuwa ametoboa kijimlango katika jeneza. Kila mchezo ulipoisha, alikwenda kumsujudia mjomba na bahasha nene kifuani, akarudi kifua kikiwa bapa. Bahasha za rambirambi nazo zilipita njia hiyo hiyo. Bi Lamduan, aliyekaa kando ya jeneza kutwa kucha kama impasavyo mjane, alisikia kila kitu kikianguka. Tap. Tap. Mjomba alikuwa na njaa.

Matanga yalikuwa yaishe siku ya tatu. Lakini siku ya tatu Mama Anong akaleta dada zake wawili, na Bwana Heng akaleta masonara wa mji wa pili, na Thawin akasimama mbele ya watu, akapangusa macho, akasema kuna ndugu wa mbali bado wako njiani, mjomba hawezi kwenda bila kuagwa. Tufanye siku saba. Watu wakasema loo, huyu ndiye mpwa.

Jioni ile Bi Lamduan akamwita pembeni. "Mwanangu, sauti imeanza kunikauka. Nipe theluthi ya hizi siku tatu, zilizobaki nitalia kwa moyo."

"Mama, hizi si faida. Huu ni mtaji."

"Mtaji wa nini?"

"Wa msiba." Thawin akaweka uso wa kanisani, ingawa kanisa hajawahi kuliona. "Na tuseme kweli, mama, sisi wawili. Leo hukulia vizuri. Saa nane nimekuona unapiga miayo. Nitakulipa kwa siku, kama kibarua, na chakula juu yangu."

"Chakula ni cha msiba."

"Basi unaona? Hulipii."

Bi Lamduan akanyamaza. Akajifunga vizuri kitambaa chake cheupe kichwani, akarudi kando ya jeneza. Sasa, mwanamke aliyelia kwa malipo miaka arobaini akinyamaza, mwenye akili hufungasha na kukimbia. Thawin alikwenda kunywa kahawa.

Asubuhi ya siku ya saba ilikuta kila kitu tayari. Gari la mizigo la kukodi lilikuwa langoni, dereva anafuta kioo. Thawin alikwishatangaza kwamba mjomba aliusia achomwe kusini alikofia, na kwamba yeye, mpwa, atamsindikiza peke yake na uchungu wake. Wachezaji walikuwa wameomba mzunguko wa mwisho wa kuagana, basi mkeka ulikuwa bado chini, na Bwana Heng alikuwa amekwishavua mkufu na kuuweka kwenye namba sita.

Gari la polisi likaingia. Pembe ya mkeka ikafunika dadu, polepole. Lakini safari hii Inspekta Kamthon hakutazama anga. Alimfungulia mlango mwanamke mnene wa makamo, aliyevaa nyeusi juu mpaka chini, na yule mwanamke alipoiona picha alitoa mlio ambao uliwatoa njiwa wote darini.

"Sawaeng wangu! Umeniacha na nani?"

Thawin akamtazama mwanamke, kisha picha.

"Wewe ndiye mpwa?" Inspekta aliuliza. "Huyu mama anaitwa Phikun. Amekuja kituoni leo alfajiri. Anasema ni mke mdogo wa marehemu, wameishi wote miaka ishirini, na kwamba umeificha maiti ili yeye asimzike mumewe."

"Mke mdogo?" Thawin alisema. "Afande, mjomba hakuwa na mke mdogo!"

"Unajuaje?" Phikun alimgeukia. "Ulikuwa chini ya kitanda?"

Wachezaji wakaguna kwa pamoja. Mama Anong alisikika akinong'ona kwamba yeye hashangai, masikio yale yalikuwa ya mwanamume mwenye mambo.

Hebu mwonee huruma Thawin kidogo. Katika ua ule wote yeye na mjane wake tu ndio waliojua kwa hakika kuwa mwanamke huyu ni mwongo, kwa sababu mume aliyekuwa akimlilia hakuwahi kuzaliwa. Na hilo ndilo neno moja ambalo hakuweza kulitamka mbele ya polisi. Akageuka kwa Bi Lamduan, tumaini lake. Mke mkubwa ana kauli. Mke mkubwa atamfukuza huyu mwizi.

"Mama," Inspekta alisema kwa adabu, "je, mwanamke huyu unamfahamu?"

Bi Lamduan akainuka kwa shida. Alimtazama Phikun juu mpaka chini, kwa muda mrefu, mpaka mtu mmoja nyuma akasahau kupumua akaanza kukohoa. Kisha akafungua mikono.

"Mdogo wangu," alisema, "umechelewa."

Wakakumbatiana wakalia. Kilikuwa kilio cha sauti mbili, moja juu moja chini, kilichopokezana vizuri mno kwa watu wanaokutana mara ya kwanza. Thawin akaelewa. Wanawake hawa walikuwa wamesimama jukwaa moja pengine kabla yeye hajaota meno.

"Nilijua siku zote," Bi Lamduan aliwaambia watu. "Alinipenda mimi, na huyu pia alimpenda. Mwacheni amchukue. Mimi nitakwenda naye, tukamchome wote."

"Haiwezekani!" Thawin alifoka. "Mimi ndiye ndugu wa damu! Mjomba ananihusu mimi!"

Inspekta akakuna kidevu. "Basi hapo pana mgogoro. Na penye mgogoro juu ya maiti, kijana, kuna njia moja. Jeneza lifunguliwe, maiti itambuliwe, kisha nione cheti cha kifo."

Shingo zikarefuka. Ilisikika dadu moja ikijiviringisha chini ya mkeka.

"Sawa kabisa," Phikun alisema akipangusa pua. "Fungua tu, afande. Nataka nimwone mume wangu uso. Ugonjwa siuogopi."

"Na mimi," alisema Bi Lamduan. Akaliendea jeneza, akaweka mkono juu ya kifuniko, akamtazama Thawin kwa macho makavu kama ndizi zake. "Mwanangu, tufungue?"

Thawin alimwona askari akitoa bisibisi. Alimwona Bwana Heng, aliyepoteza nusu ya duka lake ndani ya sanduku lile, akisogea karibu ili aone vizuri. Jasho likamtoka mahali ambapo hakujua kuwa mtu anaweza kutoka jasho.

"Msifungue!" alipiga kelele. Kisha, kwa sauti ndogo: "Msifungue. Wamchukue."

"Una hakika?" Inspekta aliuliza. "Sheria inakupa haki ya kubisha."

"Sibishi. Wake zake ni wake zake. Mimi ni nani?"

Inspekta Kamthon akampigapiga begani. "Hapo umesema kiutu uzima. Wake wakipatana, kazi ya mpwa ni kubeba upande wa miguuni. Haya, shika!"

Akashika. Upande wa miguuni, juu kidogo ya kile kijimlango. Mbele wakashika Inspekta na askari wake, na Bwana Heng akajitolea upande wa nne, akihema.

"Mzito mjomba wako," Bwana Heng alisema.

"Alikula vizuri siku hizi," Thawin alijibu.

Jeneza likapandishwa kwenye gari la kukodi, ambalo Thawin alikuwa amekwishalilipia mpaka kusini. Wajane wakapanda nyuma, mmoja huku mmoja huku, picha ya mzee katikati. Thawin akajifanya anapanga maua.

"Mama," alinong'ona, "hata nusu? Hata robo?"

Bi Lamduan akamwinamia kama anayembariki. "Ungenipa theluthi yangu, mwanangu, leo ningekuwa nyumbani nakaanga ndizi," alisema. "Rudi ndani. Jua kali."

Inspekta akaagiza pikipiki ya polisi iwatangulie mpaka barabara kuu, kwa heshima ya marehemu. King'ora kikalia, gari likaondoka, vitambaa viwili, cheupe na cheusi, vikapepea mpaka vikapotea nyuma ya mashine ya mpunga.

Thawin alibaki langoni, kijiti cha ubani mkononi. Kwanza aliitazama barabara tupu. Kisha akakaa chini kwenye vumbi, akalia. Alilia kwa kwikwi, kamasi zikimtoka, akipiga ardhi kwa kiganja, akiita, "Kimekwenda! Chote kimekwenda!" Na wale watu wazima waliokuwa wamezika wazazi na waume wakasema hawajaona uchungu wa namna ile. Mama Anong naye akalia tena. Bwana Heng akavaa mkufu wake aliouokoa mkekani, akasema damu ni damu. Hata Inspekta Kamthon akachuchumaa kando yake, akamtilia bahasha ndogo ya rambirambi katika mfuko wa shati jeusi.

"Lia tu, kijana. Mwanamume hulia," alisema. Akangoja kidogo, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akasogeza mdomo. "Ee… marehemu alikuwa na umri gani?"

Thawin akainua uso. "Nini?"

"Umri. Kwa ajili ya bahati nasibu. Ile ya serikali," aliongeza haraka, "ya halali. Kesho wanachezesha. Maiti iliyopendwa hivi haiwezi kuondoka bila kuacha namba."

Ua mzima ulikuwa umesogea. Bwana Heng alikuwa ameweka mkono sikioni. Thawin, akiwa hana nguvu hata ya kudanganya vizuri, akasema la kwanza lililomjia mdomoni.

"Themanini na tatu."

"Themanini na tatu," watu wakaitikia kama dua, na ua ukawa mtupu kabla ubani haujazima.

Kesho yake Thawin alikuwa kituo cha mabasi, na noti ya mia moja, rambirambi ya Inspekta, mfukoni. Mama mmoja mwuza tiketi za bahati nasibu akamjia na sanduku lake kifuani. "Kaka, imebaki moja tu ya themanini na tatu, nilimfichia mteja hakuja. Mji mzima unaitafuta hii. Kuna mzee mmoja mtakatifu amekufa."

Thawin akacheka, mara ya kwanza tangu jana. Alimwonea huruma yule mama na mji wake wa mbumbumbu. Akamwambia ampelekee mwingine, akanunua tambi za bata, akaongeza na yai.

Saa kumi redio ya kituoni ikasoma tarakimu mbili za mwisho. Nane. Tatu. Kelele zikatoka sokoni, zikatoka kwenye kiwanda cha barafu, zikatoka, wasemao husema, hata kituo cha polisi. Bwana Heng alitoka mbio dukani bila viatu. Vikongwe wa jikoni hekaluni walicheza ngoma.

Tha Makham nzima ilikuwa imeinunua namba ile. Aliyeikosa alikuwa Thawin, kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyejua kuwa ni ya uongo.